Mama Kigoda na Wodi Aliyoisifu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi ya kukaa. Msicheke. Alikuwa mtafiti wa mambo ya jamii na mwalimu wa chuo kikuu. Wanafunzi wake, wauguzi, mafundi cherehani, hata wanawe wa kuwazaa, walimwita Mama Kigoda. Amefariki juma lililopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kwa waliofungulia redio sasa hivi, narudia: tunamkumbuka Mama Kigoda, mtafiti wa mambo ya jamii.

Jina lilitokana na kigoda cha kukunja alichokitundika begani kama wengine wanavyotundika mkoba. Alipokwenda kuwatafiti watu hakutanguliza dodoso la maswali. Alikaa nao. Kwenye karakana ya mafundi cherehani alikaa mpaka wakamsahau, wakaanza kumsengenya tajiri wao mbele yake. Wenzake chuoni walikuwa watu wa hesabu, naye hakuzidharau hesabu. Alisema tu kwamba hesabu itakwambia ni wanawake wangapi hawaendi kujifungulia hospitali. Haitakwambia yule mmoja aliyefika getini akageuka, aligeuka kwa nini.

Siku za mwanzo alikuwa haandiki kitu. Mwanafunzi wake mmoja, ambaye leo naye ni mwalimu, anasema aliwafundisha kwa methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtafiti ambaye hajapewa jembe, aliwaambia, bado ni mgeni, na mgeni huonyeshwa sebule tu. Maneno mazuri. Lakini jembe hilohilo ndilo lililokuja kumkata mguu.

Ilikuwa hivi. Hospitali moja ilikuwa na lawama. Akina mama walisema wauguzi wa wodi ya wazazi wana maneno makali, na wengine wakaona heri wajifungulie nyumbani. Uongozi ukamwita Mama Kigoda atazame. Akakaa wodini miezi kadhaa. Mwanzoni aliwekwa kwenye kona, karibu na kabati la mashuka. Baadaye wauguzi wakamzoea, wakampa jembe: shika beseni, mfute huyu jasho, nisaidie kutandika pale. Akafurahi kwelikweli. Aliona wauguzi wapole, wanaotaniana na wagonjwa, wanaosema "pole, mwanangu" bila kulazimishwa. Akaandika alichokiona. Ripoti ikasema wauguzi wa wodi hii hawana ukali unaosemwa. Ikasifiwa hospitalini, ikasifiwa chuoni, na watu wakaanza kunong'ona habari za uprofesa.

Mwaka uliofuata, mke wa mwanawe mkubwa alijifungua mtoto wa kwanza kwenye wodi ileile. Mama Kigoda alikuwa safarini. Aliporudi akamkuta mjukuu ana afya. Akauliza mambo yalikwendaje. Akajibiwa, "Salama, Mama." Akaridhika. Mtu aliyekula chumvi nyingi katika kusoma ukimya wa wengine hakuusoma ule wa nyumbani kwake.

Mkwe huyo tulimtembelea juzi. Ni mama mtaratibu, anaongea huku akikunja nguo. Alituambia kwamba mimba ya pili ilipofika miezi ya mwisho, familia ilikwisha kukubaliana ni hospitali ileile. Siku moja yeye na mama mkwe walikuwa chumbani, wanapanga nguo za mtoto.

"Nikamwambia, Mama, kule sirudi," alitusimulia. "Akaniuliza kwa nini. Nikasema, nikikwambia nitakuwa nimekuita mwongo."

Kisha akamwambia yote. Mara ya kwanza alifokewa. Aliambiwa ajikaze, aache kudeka. Aliachwa peke yake kwenye benchi la korido, na aliyempokea mtoto ni mama mfagizi aliyekuwa anapita na ndoo. Hakumsimulia mtu, hata mumewe. Mama mkwe alikwisha kuandika kwamba pale ni pazuri. Yeye ni nani aseme pabaya?

Nilipomsikia, wasikilizaji, nilizima kinasa sauti. Nilisikia aibu ambayo hata haikuwa yangu.

Mkwe anasema Mama Kigoda aliiweka chini kofia ya mtoto aliyokuwa ameishika. Halafu akasema, "Nilikwenda kuwasikiliza akina mama, nikawafunga midomo. Nimeanza na wewe."

Akarudi wodini. Muuguzi mkuu alimpokea kwa hasira, akamwambia ni yeye aliyewasifu na sasa ni yeye anayewavua nguo. Mama Kigoda hakubisha. Aliomba wakae pamoja baada ya zamu, wazungumze. Katika mazungumzo hayo ndipo jambo likaonekana. Zamu ilikuwa na wauguzi wawili tu kwa wodi nzima. Yeye alipokuwepo walikuwa watatu, na mmoja wao anatazama. Upole aliouona ulikuwa wa kweli, ila yeye mwenyewe alikuwa sehemu yake. Alipokunja kigoda chake akaondoka, aliondoka na upole huo.

Angeweza kunyamaza. Uprofesa ulikuwa umefika mlangoni, na aliyejua ukweli ni mkwe mmoja asiyependa maneno. Hakunyamaza. Alisimama mbele ya wakuu wa chuo na wa hospitali, akaiondoa ripoti yake, akaanza upya: nyumba kwa nyumba kwa akina mama, na kwa wauguzi wakiwa wamevua sare. Wenzake walimcheka. Uprofesa ukampita, ukaja karibu na kustaafu kwake, naye akasema umekuja kumsindikiza. Wodi iliongezewa watu. Si wengi, lakini iliongezewa.

Mimba haikungoja hayo yote; mkwe alikubali kurudi kule kwa sharti moja: mama mkwe asiingie. Alipotoka na mtoto wake wa pili akatoa ripoti yake mwenyewe: "Wamenifokea kidogo, Mama. Lakini hawakuniacha." Mama Kigoda aliyaandika maneno hayo kama yalivyo.

Mwezi huu naye alilazwa, katika hospitali nyingine ambako hakuna aliyemjua. Mwanawe mkubwa alikuwa kando ya kitanda. Anasema mama yake aliomba maji, na muuguzi, aliyekuwa peke yake wodi nzima, akajibu kwa ukali, "Bibi, subiri, siyo wewe peke yako hapa." Mwana akasimama kwenda kumweleza huyo bibi ni nani. Mama akamshika mkono wa shati.

"Kaa, mwanangu. Ukimwambia, atabadilika kwangu. Na wa kitanda cha pili je?"

Mwana akaenda mwenyewe kuchota maji. Akampa mama yake, akampa na wa kitanda cha pili. Siku chache baadaye Mama Kigoda akafariki.

Kwa mwanawe huyo, kwa mkwe, kwa wajukuu na kwa wanafunzi wake wote, sisi wa redio hii tunasema poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira, naye ampumzishe pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ana mahali anapopasifu: nyumba yake, darasa lake, ofisi yake. Kamuulize anayebaki hapo wewe ukishatoka. Akianza kusema, usimjibu. Mwache amalize.