Filbert Nandonde na Siri Iliyosemwa Mnazi Mmoja

(Wasifu huu umeandikwa na familia. Unasomwa na mdogo wa marehemu, Aaron Nandonde.)

Filbert Zakayo Nandonde alizaliwa tarehe 6 Agosti 1967 katika kijiji cha Lulindi, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Zakayo Nandonde na marehemu Bi. Perpetua. Alibatizwa akiwa mchanga, na mpaka anafariki alijivunia kwamba maji ya ubatizo hayakumliza.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Lulindi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, lakini mwandiko wake ulimpa jina kijiji kizima. Askofu alipokuja kutoa kipaimara, Filbert ndiye aliyepewa kitambaa na rangi aandike bango la kumpokea. Kwa haraka akaandika KARIBU BABA SKOFU. Mzee Zakayo alitamani ardhi immeze. Askofu akacheka, akasema amefurahi kukaribishwa kwa kifupi. Tangu siku hiyo marehemu hakuacha neno litoke mkononi mwake bila kulisoma mara mbili.

Mwezi Aprili 1987 alifika Dar es Salaam. Alianza kwa kutembeza mashati ya mitumba Kariakoo, hadi alipopokelewa na Mzee Haruna Mgeni, mchapaji wa fulana na mabango katika Mtaa wa Narung'ombe. Mzee Haruna alimfundisha kuchanganya wino na kukaza kitambaa kwenye fremu ya kuchapia. Mkewe, Bi. Maimuna, alimpa chumba nyumbani kwao Mchafukoge. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, nyumba nzima ikiwa imefunga, mama huyo alimfunikia Filbert sahani ya chakula cha mchana. Filbert alipomwambia asijisumbue, alijibiwa, "Wewe swaumu yako bado haijafika. Kula." Aliishi kwao karibu miaka tisa. Mtoto wao wa pekee, Ramadhan, ambaye kwa jina lake mtaa ulimwita mama huyo Mama Rama, alijifunza kutembea akishika suruali ya Filbert.

Tarehe 14 Septemba 1996 Filbert alifunga ndoa takatifu na Sofia. Mzee Haruna na Bi. Maimuna walikaa mstari wa mbele kanisani upande wa wazazi wa bwana harusi, kwa kuwa wazazi wenyewe walikwamishwa na ubovu wa barabara ya kusini. Mungu aliwajalia Filbert na Sofia watoto wawili, Zakayo na Ritha. Mwaka 1999 alifungua fremu yake mwenyewe ya duka, hatua chache kutoka ile ya mwalimu wake, kwa baraka zake. Mzee Haruna alifariki mwaka 2009, na Filbert alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo baadhi yetu tulitaka iachwe. Marehemu alikataa. Alisema, "Mkiiruka hiyo, mtakuwa mmesoma wasifu wa mtu mwingine." Basi tunaisoma. Kata na chama hatutavitaja.

Filbert aliingia kwenye siasa kupitia fulana. Wagombea walikuja kuchapisha, wakakaa, wakaomba ushauri wa maneno ya kuweka mgongoni, na maneno yake yakawa yanashika. Mwaka 2020 rafiki yake Ismail aliomba udiwani, akamfanya meneja wa kampeni. Hawa wawili walikuwa wametembeza mitumba pamoja wakiwa vijana, wakigawana ugali na shati la kutokea. Ismail alipompa kazi hiyo, bado haikujulikana nani atasimama upande wa pili. Jina liliporudi, lilikuwa la Bi. Maimuna, ambaye wakati huo aliongoza kamati ya wafanyabiashara wa soko dogo la pale mtaani.

Filbert alikwenda kumwambia mwenyewe. Alimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasikia. Fanya kazi yako, na mimi nifanye yangu. Ila ya jukwaani yaishie jukwaani. Yasivuke mlango wangu."

"Hayatavuka, mama."

Kamati ya kampeni ilikutana kwenye fremu ya Filbert alasiri moja kuamua watamshambulia vipi mama huyo. Alikuwepo Ismail, na dada mmoja anayeitwa Vicky, aliyesimamia mambo ya mitandaoni. Vicky alikuwa mwepesi na hodari. Aliweka mezani njia tatu. Kwanza, mitaro ya soko imeziba na Bi. Maimuna ndiye mwenyekiti wa kamati. Pili, umri wake. Tatu, familia yake, kwa sababu, alisema, mwanamke hupigwa vizuri zaidi kwenye nyumba yake.

Filbert aliikubali ya kwanza papo hapo. Ya umri akaicheka. Nusu ya wapiga kura wa kata ile ni akina bibi. Kwa ile ya tatu alisimama.

"Tunachomrushia mpinzani lazima kiwe kweli, halafu kimguse mpiga kura pale anapoishi," alisema. "Mtaro unanuka mbele ya mlango wa mtu, huo ni wa kwake. Mtoto wa Mama Rama ni wa Mama Rama."

"Anko, nisamehe," Vicky akamjibu, "lakini hakuna mtu atakayesambaza klipu ya mtaro. Watu wanataka skendo."

"Basi tutashinda taratibu."

Ismail akamshika bega. "Fili amesema. Familia ya mama haiguswi. Tumemaliza."

Na kwa majuma ya kwanza mtaro ulifanya kazi. Kisha Bi. Maimuna akapanda jukwaani, akaeleza ni mara ngapi kamati yake iliomba mitaro izibuliwe na nani aliyekalia maombi hayo, na watu wakamwelewa. Mikutano ya Ismail ikaanza kupwaya. Akawa halali, na simu zikawa haziishi.

Katika siku hizo Ismail alimuuliza rafiki yake kwa nini kila asubuhi anachelewa. Walikuwa wawili tu, wanakunywa chai. Filbert, ambaye kwa rafiki huyu hakuwahi kuficha kitu, akamweleza. Ramadhan alikuwa ametumbukia kwenye unga wa kulevya tangu baba yake afariki. Sasa ameanza dawa ya kumtoa huko, anainywa hospitali kila asubuhi mbele ya muuguzi. Mama yake yuko kwenye kampeni, hawezi kuonekana pale, na kijana peke yake hana ujasiri wa kusimama kwenye foleni. Kwa hiyo Filbert anamsindikiza.

Ismail alitikisa kichwa kwa huzuni. "Masikini Rama. Hilo nimelizika, mwanangu. Halitoki."

Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2020 mkutano mkubwa ulifanyika viwanja vya Mnazi Mmoja. Marehemu alikuwa jukwaani, amekaa nyuma ya mgombea, amevaa fulana aliyoichapa kwa mikono yake. Ismail aliongea vizuri kuhusu taka na leseni. Halafu akashusha sauti.

"Ndugu zangu, yule mama anaomba kuilea kata yetu. Hivi mmewahi kumuuliza mwanawe wa pekee yuko wapi kila asubuhi?"

"Wapi?" umati ukaitikia.

"Yuko foleni ya mateja! Ameshindwa kulea mmoja, ataweza maelfu? Na mimi sisemi ya kusikia. Anayempeleka kila siku ni huyu hapa, Filbert, mkono wangu wa kulia. Fili, simama wakuone!"

Marehemu alituambia kwamba kwa muda hakuelewa kwamba ni yeye anayeitwa. Watu walikuwa wanapiga makofi. Vicky alikuwa chini ameinua simu, anarekodi. Filbert alisimama, akaufikia mkono wa Ismail, akachukua kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, alichokisema huyu..." Sauti ikakatwa. Muziki ukafunguliwa wote. Ismail alikuwa anamkumbatia huku anacheka kwa ajili ya kamera, na sikioni akamwambia, "Usiniharibie, Fili. Nakuomba."

Filbert alishuka ngazi za jukwaa. Alivua ile fulana, akaiacha kwenye ngazi ya mwisho, na akatembea na fulana ya ndani kutoka Mnazi Mmoja hadi Mchafukoge, watu wakimtazama. Lakini klipu ilikuwa imeshamtangulia. Bi. Maimuna alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa nondo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. 

"Nani mwingine alikuwa anajua, Filbert?"

"Mimi nilimwambia, mama. Sikumwambia ili aseme."

"Lakini kasema." Akafunga mlango wa mbao. Salamu ya Filbert haikuitikiwa tena na mama huyo, siku ile wala miaka iliyofuata.

Asubuhi alikwenda kwa Ismail. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele.

"Ni kampeni, ndugu yangu," Ismail alisema. "Nilikuwa nazama. Nikishinda nitamtafutia dogo kazi, nitamwomba mama radhi, yote yatakaa sawa."

"Ungeniambia unazama, ningezama na wewe," Filbert akamjibu. "Mimi nilikupa siri. Nani kakwambia ni silaha?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa mtu aliyekula naye tangu ujana. Ismail alishinda.

Ramadhan aliacha kwenda hospitali. Watu walikuwa wanapita na simu zao kwenye foleni kuangalia yupi ndiye mtoto wa mgombea, na alirudi kwenye unga kabla kura hazijapigwa. Bi. Maimuna alifunga nyumba, akahamia kwa ndugu zake Bagamoyo. Filbert alimtafuta kijana huyo katika kila kichochoro cha Kariakoo. Alitukanwa, alitemewa mate, na kuna siku Ramadhan mwenyewe alimrushia jiwe lililomchana paji la uso. Kovu hilo wengi wenu mlilijua, na alizoea kusema aliumia dukani. Alipompata akiwa hoi, mwaka 2021, alimpeleka kliniki nyingine, mbali na Ilala, na safari hii walikuwa wanapanga foleni wote wawili, mpaka Ramadhan akasema sasa anaweza peke yake. Baadaye alimpa kazi kwenye fremu. Leo Ramadhan ndiye mchapaji wa pale, na karatasi ya ibada mliyoishika ameichapa yeye.

Mwanzoni mwa 2025 walikuja watu wa mgombea mwingine. Walijua kwamba hakuna anayemfahamu Ismail kama Filbert, na ni kweli, alikuwa na ya kusema, mengine ya kumtoa mtu mjini. Waliketi sebuleni kwa Sofia, wakanywa soda, wakasema wanataka jambo moja tu litakaloumiza.

"Hamkosei kunijia," aliwaambia. "Ila ninayoyajua niliyajua nikiwa rafiki yake. Nendeni mkaangalie kazi aliyoifanya. Hapo mtapata ya kutosha."

Walipoondoka, Sofia alikasirika. "Alikufanya mchawi mbele ya watu! Kwa nini humlipi?"

"Nikimlipa, itakuwa Mama Rama alikuwa sahihi kuhusu mimi."

Mwezi Juni 2025 marehemu alipata kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, ugonjwa alioishi nao tangu mwaka ule wa uchaguzi. Upande wa kulia ulipooza. Sofia alimuuguza kwa upendo usiochoka, na Ramadhan alikuwa akija kumwogesha na kumnyoa. Bi. Maimuna alipelekewa habari zaidi ya mara moja. Hakujibu. Filbert aliulizia simu kila jioni, kisha akaacha kuulizia. Alifariki dunia hospitalini alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026, mke wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, jumuiya, majirani na wafanyabiashara wote wa Narung'ombe. Mheshimiwa diwani Ismail aliomba nafasi ya kutoa salamu. Tunamshukuru kwa kufika. Marehemu aliagiza kwamba kaburini pake asiongee mwanasiasa yeyote, na tunaomba agizo hilo liheshimiwe.

Marehemu ameacha mjane, Sofia, watoto, Zakayo na Ritha, mjukuu mmoja, ndugu watatu, na Ramadhan Haruna, ambaye kwa kauli yake mwenyewe aliagiza ahesabiwe kati ya watoto. Zakayo na Ramadhan wataweka udongo wa kwanza.

Mungu akupokee, Filbert, akupe utulivu. Lala sasa. Umechoka vya kutosha.