Kivuli cha Waya: Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Zuber Khalidi

Ifikapo Jumapili, tarehe 30 Juni 2024, Mzee Zuber Anwari Khalidi, fundi mkuu wa umeme na kompyuta, atakuwa ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Anastaafu akiwa na miaka sitini kamili, meno yake yote, na bisibisi aliyokuja nayo siku ya kwanza ambayo hajawahi kumwazima mtu. Wasifu huu nimeombwa niuandike mimi, Felista Mwangoka, karani wa kumbukumbu. Ofisi yangu inapakana na yake, na ipo sababu nyingine ambayo nitaifikia.

Mzee Zuber ni mtoto wa Tukuyu mjini. Baba yake, marehemu Anwari Khalidi, alikuwa na duka la vifaa vya umeme karibu na soko, na huko ndiko alikojifunza kumenya waya kwa meno kabla hajajua kusoma. Aliajiriwa Machi 1993 kuendesha jenereta. Jenereta ile ilikuwa na kiburi, haikumsikia mtu mwingine, na alipokwenda likizo ya kuoa wodi zilirudi kwenye taa za chemli kwa wiki nzima. Hadi leo mkewe anataniwa kwamba yeye ni mke wa pili.

Kompyuta ya kwanza ilipofika mwaka 1999, iliwekwa kwenye ofisi ya katibu na kufunikwa kitambaa cha kudarizi, na kwa miezi mitatu hakuna aliyethubutu kuiwasha. Zuber aliiwasha wakati wengine wako kwenye chai. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kompyuta bila barua wala kikao. Wauza vifaa wa Mbeya wanamfahamu kwa jina la Mhesabu Pini, kwa sababu hanunui waya mpaka aukamate kichwa, auelekeze kwenye mwanga na kuzihesabu pini zake kwa sauti, moja baada ya nyingine, foleni ikimsubiri.

Yapo mengi ya kuchekesha juu yake, na kwenye sherehe yatasemwa. Mimi naandika habari ya waya mmoja. Mzee Zuber mwenyewe aliniambia kwamba nikiandika sifa tupu nikauacha waya ule, hatakuja kuagwa.

Mwaka 2016 chumba cha eksirei kilihamishiwa jengo jipya, lakini chumba cha daktari wa kusoma picha kikabaki ng'ambo ya korido. Kompyuta ilikuwa huku, kioo chake cha kuonyeshea picha kiko kule. Kioo chenyewe kilikuwa cha msaada, cha zamani, kizuri sana, ila tundu lake la kisasa lilikuwa limekufa na kilichobaki kilikuwa tundu la VGA, lile la pini kumi na tano. Zuber akavuta waya wa mita kumi na tano juu ya dari. Aliokuwa nao haukutosha, kazi ilitakiwa iishe siku hiyo, akauunga na kipande alicholetewa kutoka dukani. Hicho hakukihesabu pini. Ni waya pekee katika miaka thelathini na moja ambao hakuuhesabu.

Picha ilionekana, kila mtu akafurahi. Lakini kipande kile kilikosa pini ambazo kioo hutumia kujitambulisha kwa kompyuta: jina langu hili, ukubwa wangu huu. Kompyuta isipojua inaongea na nani, inatoa kidogo ili isikosee. Kioo chenye uwezo wa nukta za picha milioni moja na laki tisa kikawa kinapewa laki saba na ushee, na zaidi ya nukta milioni moja zinabaki njiani. Baadaye Mzee Zuber alisema ni sawa na kuchuma chai na kuacha zaidi ya nusu ya majani shambani, halafu ukasema shamba limekwisha.

Halafu kulikuwa na vivuli. Umeme wa picha ukisafiri kwenye waya mrefu wenye kiungo kibaya, sehemu yake hugonga kiungo na kurudi, ikafika kwenye kioo imechelewa kidogo. Kwa hiyo kila ubavu wa mgonjwa ulikuwa na mwenzake, hafifu, pembeni yake upande wa kulia. Moyo ulikuwa na moyo mwingine nyuma yake. Chumba kile hakiwashwi taa, na jioni ukungu wa mlimani ukishuka mpaka madirishani, hukuweza kukaa humo peke yako na kifua cha mtu bila kugeuka kutazama nyuma. Mimi niligeuka mara nyingi.

Bibi Atupakisye wa Nkunga, mgonjwa aliyerudishwa kupigwa picha tena, ndiye aliyesema hadharani. Alikiona kifua chake kwenye kioo, mbavu mbili mbili, akamshika mkono Atuganile, mtaalamu wetu wa eksirei, na kumwambia, "Mwanangu, mwambie huyo wa nyuma yangu atoke kwanza, ndiyo unipige." Tulicheka siku hiyo. Bibi hakucheka.

Daktari Ndimyake, msomaji wetu wa picha na mtu makini kuliko wote ninaowajua, alijizoesha. Chochote hafifu kilichokaa kulia kwa mfupa alikiita kivuli cha waya, na kwenye ripoti akaandika KW, ili daktari mwingine asishtuke. Sisi sote tukaizoea KW. Nimeichapa mimi mwenyewe mara zaidi ya mia mbili, mpaka vidole vikawa vinaiandika kabla sijafika mwisho wa mstari. Kwa karibu miaka minane hakuna aliyeuliza kama kila KW ni ya waya kweli.

Aliyeuliza ni Zuber. Februari mwaka huu, miezi minne kabla ya kustaafu, alisema hataki kumwachia mtu mwingine takataka zake, akapanda darini akauteremsha waya wake. Alikihesabu pini kile kipande kwa mara ya kwanza. Nilimsikia kupitia ukutani akihesabu, akanyamaza, akaanza tena kutoka moja. Kisha akaja akasimama mlangoni pangu, kile kipande mkononi.

Alihamisha kompyuta ikakaa ubavuni mwa kioo, akaunganisha waya mfupi na mnene alioufuata Mbeya, pini zake zote mahali pake. Vipimo vya kioo akaviandika kwa mkono: nukta elfu moja mia sita kwa elfu moja mia mbili, mara sitini kwa sekunde. Kisha akatengeneza picha ya mistari, mmoja mweusi na mmoja mweupe, kila mmoja upana wa nukta moja, ikajaa kioo kizima. Alieleza kwamba kioo cha waya wa namna hii lazima kipangwe sawa na mapigo ya kompyuta. Kisipopangwa, mistari ile haionekani, unaona mawimbi ya kijivu yanayotambaa polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa saa tisa alasiri, pazia limefungwa, na kwenye kioo palikuwa na kitu kinapita, kinarudi, kinapita tena. Atuganile alitoka nje. Zuber alibonyeza vitufe taratibu, mawimbi yakapungua, yakasimama, mistari ikatulia kama nyuzi za mkeka.

Tulifungua picha ya zamani. Mbavu zilikuwa kumi na mbili kila upande, kama Mungu alivyoziweka. Tukapiga makofi. Zuber hakupiga. Alimgeukia Daktari Ndimyake akamwuliza, kwa adabu, zile alizoandika KW ziko ngapi.

Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Kwa wiki tatu, kila siku wagonjwa wa nje walipokwisha, tulikaa wanne mle gizani. Mimi nilisoma namba za faili bila majina, Atuganile akafungua picha, daktari akatazama. Zuber alisimama pembeni na ule waya wa zamani mkononi, kwa sababu picha iliyotia shaka aliichomeka kwanza kwa waya mbovu, ili daktari aone alichokiona siku ile, kisha kwa waya mzima. Kwa waya mbovu vivuli vilirudi vyote. Kwa waya mzima vikaondoka vyote. Tulizoea hata hilo.

Namba ya mia na thelathini na saba, vivuli viliondoka, kimoja kikabaki.

Kilikuwa kidogo kama punje ya maharage, juu kwenye pafu. Zuber alichomeka waya mbovu na kivuli cha ubavu kikaja kukaa juu yake hasa, ukakosa kujua kipi ni kipi. Akachomoa, kikabaki peke yake, kinatutazama. Alirudia mara nne. Waya mzima hauzai kivuli, kwa hiyo hiki hakikuwa cha waya. Daktari Ndimyake alivua miwani, akaniomba nimtajie mwenye faili.

Picha ilikuwa ya mwaka 2022, ya upimaji wa afya za watumishi. Jina lilikuwa langu. Na chini, kwenye ripoti niliyoichapa kwa vidole hivi, ilikuwepo KW.

Sikumbuki nilisema nini. Atuganile anasema niliuliza kama tuendelee na namba inayofuata. Nakumbuka Mzee Zuber aliukunja mwisho wa ule waya kwenye kiganja chake, akaukunja mpaka mkono ukawa mweupe, akasema, "Dada Felista, huu ni wa kwangu." Niliogopa sana. Nilimchukia pia kwa siku mbili tatu, na yeye alilijua hilo, na kila asubuhi alipita kunisalimia vilevile.

Mwezi Aprili nilifanyiwa upasuaji hospitali ya rufaa. Ulikuwa uvimbe unaokua taratibu, na walioutoa waliniambia kwamba baada ya mwaka mwingine wasingekuwa na la kufanya. Katika picha zilizobaki tulipata watatu zaidi. Wawili waliitwa na wanaendelea na matibabu. Wa tatu, baba mmoja wa kijiji cha Masoko, simu yake ilipokelewa na binti yake, Esnath, akatuambia walimzika baba mwezi wa Novemba. Zuber alikwenda Masoko mwenyewe, pamoja na daktari, akakaa uani kwa familia ile akaeleza habari ya kipande cha waya tangu mwanzo hadi mwisho. Hawakumfukuza. Walipoondoka Esnath aliwapa mkungu wa ndizi, na Zuber aliuleta hapa kazini kwa sababu alishindwa kuupeleka nyumbani kwake.

Bibi Atupakisye yuko salama. Tulipompigia kumwambia kwamba yule wa nyuma yake ametoka, alijibu kwamba anajua, tangu Februari mgongo wake ni mwepesi.

Ijumaa hii ya tarehe 28, kabla hajakwenda msikitini, Mzee Zuber aliniita chumba cha picha, kanzu ikichungulia chini ya koti la kazi. Picha yangu mpya ya Juni ilikuwa kwenye kioo. Alichomeka waya wa zamani. Mbavu zangu zikawa mbili mbili, yule wa nyuma akaja akasimama pale pale alipokuwa amesimama miaka miwili. Nilishika kiti. Kisha akauchomoa akaweka waya mzima, tukatazama, mimi na yeye.

Hakikubaki kitu. Aliniomba nihesabu mwenyewe, nikahesabu, mbavu kumi na mbili na kumi na mbili. Ndipo akaniachia ule waya, umefungwa vizuri kwa uzi, niutundike kwenye msumari wa ofisi yetu ili fundi atakayekuja aukute.

Mzee Zuber, kwa niaba ya watumishi wote, ndaga fijo, asante sana. Nenda ukapumzike, ulale usingizi wako, umsikilize yule mama aliyeshindana na jenereta miaka yote hii. Tunakuombea siku ndefu na zenye amani. Ninayekuombea haya ninapumua kwa mapafu yote mawili.