Cornel Maganga, Mwandishi Aliyekwenda Kuona Mwenyewe (1961–2024)

Marehemu Cornel Maganga alizaliwa Machi 14, 1961, kijijini Segese, mtoto wa tatu wa Mzee Maganga na Mama Kudra. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari mjini Shinyanga, akamaliza mwaka 1980.

Mwaka 1985 alianza kuandikia gazeti moja la Mwanza. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kuandika kifo bila kuona maiti au kuzungumza na ndugu. Duara moja, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, lilipoporomoka Mwakitolyo, mwaka 2016, blogu ziliandika wamekufa kumi na wawili. Marehemu alikaa pale siku mbili, akakuta waliokufa ni wawili. Mhariri akampigia simu: "Wenzako wana kumi na wawili, wewe unaniletea wawili?"

"Hao kumi, bosi, nikawachimbue wapi?"

Kesho yake gazeti lilitoka na kumi na wawili, jina lake likiwa juu ya habari. Alilichana mbele yetu. Mwaka 2019 gazeti hilo likaachana na waandishi wa mikoani, likawa linaokoteza kwenye blogu. Inatia kichefuchefu, na sitaki kuisema kwa upole.

Alifunga ndoa na Sesilia, binti wa Chato, Septemba 3, 1988. Walikutana alipokwenda kuandika habari za samaki. Alimuuliza umri, kisha, kwa mazoea yake, akaenda kuthibitisha kwa baba wa binti. Mzee akadhani ni posa, akaanza kutaja ng'ombe. Kaka yangu Cornel hakumsahihisha.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kwa miezi ishirini Sesilia alimlisha uji kwa kijiko, akamwogesha, akalala sakafuni wodini. Alifariki Jumapili, Juni 9, 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Kabla ya saa nne asubuhi, blogu ya Enock iliandika: "Mwandishi mkongwe afariki ghafla baada ya kula, mke azua maswali." Enock ni jirani yetu. Alifundishwa kuandika habari na marehemu, kwenye meza ya nyumba hii, akila ugali wa Sesilia. Nilimfuata.

"Shangazi," alinijibu, "nikiandika saratani nani atabonyeza?"

Wala hakuona haya. Magazeti mawili yakanakili habari ile kama ilivyo, na hakuna hata moja lililopiga simu hapa nyumbani. Tangu siku hiyo Sesilia akishika mwiko, ananyang'anywa. Uji alioupika Jumatatu ulimwagwa nyuma ya nyumba. Huku kwetu wote tunajua mjane akinyooshewa kidole namna hiyo mwisho wake unaweza kuwa panga. Kamati ya mazishi iliomba aya hii iondolewe kwenye ratiba. Nimekataa.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, Mariana na Charles, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake, Paskazia. Tukitoka kaburini, Sesilia atapakua chakula alichopika kwa mikono yake, na mimi nitakula wa kwanza mbele yenu nyote, Enock na simu yake akiwemo.

Kaka yangu apumzike kwa amani. Sisi twende tukale.