Wimbo wa Dada Koti Usikatwe

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Koti, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu baba yetu, fundi bomba, na marehemu mama yetu, mshonaji. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ileile tuliyotoka asubuhi hii, mvua ikipiga bati, na mama alikuwa akituambia kwamba mtoto hakulia mpaka mvua ilipokatika. Mimi ni mdogo wake ninayemfuata. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu, kama alivyosema baba mkubwa, mdomo wangu haujawahi kuchoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza sekondari mwaka 1980. Alikuwa mwanafunzi wa wastani, hilo tusidanganyane mbele ya jeneza. Kosa lake lilikuwa kugonga dawati kwa kidole, polepole, somo zima. Mwalimu wa hesabu alimhamishia dawati la nyuma, naye akaanza kugonga dawati la nyuma.

Februari 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya kufuma, akakaa huko hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2009. Baada ya hapo alishona mapazia nyumbani. Wenzake wa kiwandani mlio hapa mnakumbuka kelele za mashine zile, na mnakumbuka pia kwamba zilipozimwa jioni nyote mlikimbilia mlangoni, yeye akabaki amesimama kichwa upande. "Bado zinaendelea," alikuwa akisema. Mlimcheka, lakini mmoja wenu aliniambia juzi kwamba alikuwa hapendi kubaki naye pale.

Jina la Koti lilitokana na koti la mtumba alilonunua mwaka 1996, zito, la hali ya hewa tusiyokuwa nayo. Ndani ya mfuko wa kifuani kulikuwa na kaseti isiyoandikwa kitu. Aliiweka kwenye redio jikoni, na upande mzima ukaisha kwa mdundo mmoja wa haraka usiopumzika, na juu yake sauti zikijikunjakunja. Mama aliacha kuchambua mchele. "Mwimbaji atafika saa ngapi?" aliuliza. Dada akamjibu, "Mama, haji." Baadaye tulielezwa kwamba muziki ule unaitwa psytrance, kwamba unatengenezwa kwa kompyuta, na kwamba kuna watu duniani wanaucheza mpaka kunakucha. Jina lilitushinda, tukauita mdundo. Mwenye koti hakujulikana kamwe, ingawa dada alikuwa na tabia ya kumshukuru kwa sauti, akiwa peke yake chumbani, na kunyamaza kidogo kana kwamba anajibiwa.

Maoni yake juu ya mdundo yalikuwa mengi na hayakuwa na breki. Kati ya miziki mingine ya kompyuta, tekno aliiheshimu, lakini alisema inatembea bila kufika. Haus ilikuwa ya watu wanaotaka waonekane wakicheza. Trance yenye mwimbaji aliiita chai iliyomwagiwa soda. Besi, alisema, inatakiwa ikimbie nyuma ya ngoma kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni, karibu kabisa lakini bila kumkanyaga kisigino. Zaidi ya yote aliamini kwamba wimbo mzuri wa aina hii ni safari ya kwenda na kurudi. Katikati yake kuna mahali ngoma inanyamaza, inabaki sauti nyembamba tu, na wageni huinuka wakidhani umeisha. "Kaeni," alikuwa akituambia. "Huku ndiko tulikokuwa tunakwenda. Kurudi bado."

Tarehe 21 Novemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Najua mnachotaka kuuliza, maana sisi wote tuliuliza. Dada alikuwa amempelekea boksi la spika lililokuwa likitetema vibaya. Yeye aliweka kiganja juu yake, akafumba macho, na hakukiondoa mpaka wimbo ulipofika mwisho. Ndipo akaonyesha kwa kidole ubao uliolegea. "Nimepata mtu asiyenikatiza," dada alinitangazia jioni hiyo, na mimi, niliyekuwa namkatiza tangu kuzaliwa, niliumia. Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye ndiye aliyetufundisha wengi wetu lugha ya ishara.

Lipo tukio la mwaka 2005 ambalo familia haikupenda kulizungumza. Siku ya Jumapili mchana dada alikuwa amelala sakafuni, nyayo zake zimegusa spika kama kawaida yake, wimbo ukiwa katikati. Umeme ukakatika. Aliketi, akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Samahani, wewe ni nani?" Alikula, alioga, alimjibu kila mtu kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyotutisha, maana dada hakuwa mtu wa adabu. Binti yake alikataa kubebwa naye. Umeme uliporudi kesho yake, shemeji alimlaza palepale, akawasha wimbo uleule tangu mwanzo, akakaa naye mpaka mwisho. Dada aliinuka na kunigombeza kuhusu sufuria niliyounguza. Sijawahi kufurahia kugombezwa kiasi kile. Akatuita wote, akatuambia: "Ukikata wimbo, umemfungia mtu nje. Msinifungie nje." Tulimwahidi, kila mmoja kwa mdomo wake.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kwenda mbio bila mpangilio. Alihudhuria kliniki kwa uaminifu, akanywa dawa, na alipopimwa mapigo alikuwa akimuuliza muuguzi idadi, kisha anasema ni ya haraka mno kwa haus. Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024, alasiri, alilala sakafuni kusikiliza. Tulipoona midomo yake imebadilika rangi tuliita majirani. Mmoja wao, mtu mwema asiyejua lolote, alichomoa waya wa redio ili tusikie kama bado anapumua. Hakuwa anapumua. Shemeji, aliyekuwa chumba cha pili akipiga randa, aliingia mbio. Alikuwa ameona kwa miguu yake kwamba sakafu imenyamaza.

Jeneza hili alilitengeneza yeye, kwa ubao na gundi anayotumia kwenye maboksi ya spika, kwa kuwa hakumwamini seremala mwingine. Jana mchana lilipoletwa nyumbani likiwa na dada ndani, aliweka kiganja juu ya kifuniko kumuaga. Hakukiondoa. Baada ya muda aliinua mkono wa pili: subirini. Tulifikiri anachohisi ni mtetemo wa jenereta ya jirani, tukaomba izimwe. Tukazima friji na pampu ya maji. Shangazi, muuguzi mstaafu, alifungua na kumpima, akalia, akafunga. Dada yetu amekufa, hilo halina shaka hata chembe. Binti yao alitaka kuwasha wimbo tangu mwanzo, kama mwaka ule, lakini baba yake akamshika mkono.

"Baba anasema haukukatika," binti alitutafsiria. "Anasema unaendelea. Anasema uko pale katikati."

"Maiti hasubiri muziki," alisema baba mkubwa. "Kesho saa nane tunazika."

"Weka mkono, babu," binti alimwambia.

Baba mkubwa aliweka mkono. Aliuondoa haraka na tangu hapo hajataja saa nane tena. Nami niliweka wangu. Sitasema nilichohisi, kwa sababu nimeombwa wasifu wa dada, si wangu. Naogopa, na nampenda, na niliahidi.

Kwa hiyo nikimaliza kusoma mtamwona shemeji akipiga magoti na kuweka kiganja mahali pake. Hatutashusha jeneza mpaka akiondoe mwenyewe. Mwenye haraka aende na baraka zetu. Wengine kaeni, na mkiona kumekuwa kimya sana, msiinuke.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, kaka mmoja, wadogo wawili, baba mkubwa, shangazi, na koti moja ambalo hakuna aliyethubutu kulivaa wala kuligawa. Wimbo ukiisha, dada yetu apumzike kwa amani. Si kabla.