Mellen Akoth, Mama Aliyesema Ukweli Mbele ya Kosele

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mellen Akoth wa Kosele, Kaunti ya Homa Bay. Tulimzika Jumamosi. Mellen alikuwa mpikaji wa busaa, pombe yetu ya nafaka. Wengi wenu mlikunywa kwake.

Alipopata mimba ya mtoto wake wa pekee, Levi, aliendelea kunywa. Mchana busaa, jioni chang'aa, ile pombe kali. Mama mkwe wake alimhimiza, "Kunywa, nyathina, mwanangu. Busaa ni chakula. Itakuongezea maziwa." Hakuna aliyemwambia vingine.

Levi alizaliwa mdogo, hana nguvu ya kunyonya. Akakua polepole. Akitumwa chumvi dukani, alifika akasahau alichotumwa. Shuleni, watoto aliowazidi umri walimpita.

Watu wakatafuta wa kulaumu. Wakampata Moraa, jirani aliyeolewa kutoka Kisii. Walisema ana jicho baya, eti alimtazama mtoto akinyonya. Wateja wakaacha kununua mboga alizouza. Mellen mwenyewe aliamini. Akaacha kumsalimia.

Kisha akampeleka Levi kwa daktari wa watoto. Daktari alimpima, akamtazama sana usoni, akauliza kwa upole, "Mama, ulikuwa ukinywa pombe na mimba yake?"

Mellen alijibu, "Ndiyo. Kwani ni vibaya?"

Ndipo akaelezwa. Pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni. Inaweza kuumiza ubongo wake, na dawa ya kuuponya haipo. Ila mtoto akisaidiwa anaweza kujifunza mengi. Narudia, wasikilizaji: pombe ya mama humfikia mtoto tumboni.

Mellen angeweza kunyamaza. Kosele nzima, nani angejua? Lakini aliporudi alikuta kikao kimeitishwa. Walitaka Moraa afukuzwe. Mellen alikwenda, akasimama katikati. Dadake, Pamela, alikuwapo.

Pamela ametuambia: "Akasema, 'Mwacheni Moraa. Hakuna jicho hapa. Ni pombe yangu. Sikujua, lakini ni yangu.' Bwana yake akainuka, akaenda bila kumngoja."

Bwana huyo hakurudi. Wako waliosema Mellen amemharibu mwanawe. Alimwendea Moraa pamoja na Levi, akapiga magoti mlangoni.

"Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu nirudi kwetu," Moraa anasema. "Nilikuwa na hasira sana. Nilimwacha hapo nje akilia. Halafu nikasikia Levi naye analia. Nikafungua."

Mellen aliacha kupika busaa, akaanza kuuza uji sokoni. Akimwona mjamzito ameshika glasi ya pombe, aliketi kando yake. Dorine alikuwa mmoja wao.

"Nilimwambia, mama, ni moja tu. Akanijibu, 'Hakuna anayejua ni ipi itamuumiza mtoto. Wacha zote.' Nilikasirika, lakini niliacha."

Presha ndiyo iliyomwondoa Mellen. Levi sasa ni kijana. Anachota maji, anaimba kwaya, bado anasahau njia. Anaishi kwa Moraa. Nilipomuuliza Moraa kwa nini amemchukua, alishangaa. "Aende wapi?"

Kwako Levi, kwako Pamela, na kwako Moraa, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Mellen hakunywa peke yake. Kuna aliyemmiminia, kuna aliyemsifu, kuna aliyejua akanyamaza. Leo ukikaa karibu na mjamzito anayekunywa, usimtukane wala usimcheke. Mwambie. Kisha mpe uji.