Namba Saba ya Mama Maana Yake Nini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni moto jikoni, sogezeni redio, tukae kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua kwa simu, tena simu ambazo sikuzipokea. Nitafika huko, msinikimbize.

Kazini walimwita Mama Maana Yake Nini. Ni jina la utani, na alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, chumba cha mwisho cha korido, ghorofa ya chini, jirani na stoo ya viti vibovu. Kazi yake ilikuwa kutunza takwimu za watafiti, ili watafiti wengine waje wazitumie.

Ngoja nieleze vizuri. Mtafiti anakwenda kwa watu, anauliza maswali, majibu anayaandika kwa namba. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Akirudi anaandika ripoti, anapigiwa makofi, halafu zile namba anazitupia kabatini ziliwe na mende. Basi mama huyu alikuwa anamfuata mpaka mlangoni. "Mwanangu, naomba hizo takwimu. Na hii safu ya nne, maana yake nini?" Jamani, watu walikuwa wakimwona kwenye ngazi wanageuza njia! Wasomi wazima, na miwani yao, wanajificha chooni.

Yeye hakujali. Alikuwa akisema, "Watu wameshakaa na wewe, wamekujibu. Kuwarudia na swali lilelile kwa sababu umepoteza majibu yao, hiyo si adabu."

Kuna siku mtafiti mmoja alichukua takwimu za mwenzake za uzito wa watoto wachanga. Akapiga hesabu, akakuta watoto arobaini wana kilo tisini na tisa kila mmoja. Akataka kuandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mama akacheka mpaka akashika meza. "Hawa ni watoto au vifaru?" Akapiga simu, akauliza. Kumbe mtoto asipopimwa, mwenye takwimu alikuwa anaandika tisini na tisa. Basi. Jambo dogo, lakini mtu aliyelijua alikuwa mmoja tu, na hakuwa ameliandika popote. Kazi ya mama ilikuwa kuliandika.

Lakini nani alikwenda kumshukuru? Daftari la wageni la chumba chake nimeletewa na ndugu zake, ninalo hapa mbele yangu. Mwaka jana mzima lina majina tisa. Manne ni ya fundi wa feni.

Jumanne iliyopita mdogo wake alikuja hapa studioni. Mama mtu mzima, kitambaa kichwani, bahasha mkononi. Alikuja kuomba tangazo la msiba. Nikampa kiti. Nikamwomba anisimulie habari za marehemu.

"Dada alikuwa peke yake," akasema. "Mumewe alitangulia zamani, watoto hawakujaliwa. Mimi niko mbali. Akila, anaweka redio mezani, upande wa pili, pale anapokaa mtu. Na alikuwa anakusikiliza wewe, mwanangu. Kila Jumapili."

Nikasema asante. Nikafurahi, kwa nini niwafiche?

"Alikuwa anakuongelesha. Anainyooshea redio kijiko, anasema, huyu anajua, huyu! Hataki tu kusema."

Nikamuuliza, najua nini, mama? Akafungua bahasha, akatoa karatasi moja. Wasikilizaji wapendwa, utafiti ulioandikwa juu yake niliujua.

Miaka kumi na tisa iliyopita, kabla sijashika kipaza sauti, nilifanya kazi ya kuuliza maswali kwenye utafiti mmoja wa wazee wanaoishi peke yao. Tulikuwa vijana sita, na fomu na kalamu. Swali la kumi na mbili lilikuwa hivi: Jana uliongea na nani? Moja, mwenzi. Mbili, mtoto. Tatu, ndugu. Nne, jirani. Tano, rafiki. Sita, mtu mwingine. Mwisho hapo.

Na karatasi ile ilikuwa ya maelezo ya utafiti wetu. Kila namba imefafanuliwa kwa mwandiko wa mama, safi, umenyooka. Isipokuwa mstari mmoja. Swali la kumi na mbili, namba saba. Kwenye fomu yetu haikuwepo, lakini kwenye majibu ilikuwepo mara mia mbili na kumi na mbili. Mbele yake mama ameandika: "Maana haijulikani. Tunamngoja anayejua."

Amengoja miaka kumi na moja, tangu takwimu zetu zimfikie. Aliyeongoza utafiti alishafariki. Wenzangu wametawanyika, namba za simu zimebadilika. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waulizaji, na sauti iliyokuwa inasikika kila wiki ni yangu. Akanitafuta hapa redioni. Mara ya kwanza mapokezi waliniachia kikaratasi: "Mama fulani anauliza habari za saba." Nikacheka, nikadhani ni msikilizaji wa bahati nasibu. Mara ya pili alieleza vizuri, utafiti gani, mwaka gani. Nikaelewa kabisa. Nikasema nitampigia kesho. Mnazijua kesho zangu.

Mara ya tatu ilikuwa miezi miwili iliyopita. Hatimaye mtafiti mmoja alikuwa ameomba takwimu zile. Ombi la kwanza, tangu ziwekwe! Lakini aliandika kwamba zile saba ni makosa ya waandishi, atazifuta aendelee. Mama akamjibu, nakala iko humu kwenye bahasha: "Usifute. Kila saba ni mtu aliyekaa akajibu. Nipe muda, kuna kijana anajua." Kijana ndiye mimi. Nina mvi sasa. Ujumbe ulifika mezani kwangu, nikauwekea kikombe cha chai juu.

Majuto ni mjukuu, wahenga hawakukosea.

Jumapili ya mwisho jirani alisikia kipindi hiki kupitia ukutani. Jumatatu asubuhi redio ilikuwa bado inaongea, ndipo akagonga mlango. Nilimuuliza mdogo wake, siku ile dada aliongea na nani? Akanitazama. "Sijui, mwanangu. Mimi sikupiga."

Kwa mdogo wa marehemu, kwa wanafamilia wote, kwa jirani aliyegonga, poleni sana. Poleni kutoka moyoni. Na mimi naomba radhi, hapa hapa, mbele ya watu wote.

Nanyi mnaonisikiliza, kuna mtu anangoja neno ambalo wewe peke yako unalijua. Huenda ni jambo dogo, la dakika moja. Ukizima redio, mpigie. Usiseme kesho.

Sasa nimjibu mama, maana bahasha hii naipeleka leo kwenye chumba cha mwisho cha korido, na mtafiti yule bado anangoja.

Siku ya kwanza ya kazi ile ya fomu, mzee mmoja alitoa viti viwili nje. Kimoja akakifuta vumbi kwa shati lake, akanipa. Nikamuuliza, jana uliongea na nani? Akafikiri. Akafikiri tena. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye wa kwanza wiki hii." Nikatafuta pa kuandika, hapakuwepo. Waliotunga fomu hawakuwaza kwamba jambo hilo linawezekana. Mchana tukakaa kwenye ngazi sisi sita, kumbe kila mmoja amekutana na wa kwake. Tukakubaliana tuandike saba. Hatukuandika popote kwamba tumekubaliana.

Leo nimeujaza mstari ule, kwa kalamu, na jina langu chini. Swali la kumi na mbili, namba saba: hakuongea na mtu yeyote.

Mama, maana yake ndiyo hiyo.