Fundi Aliyezama Nyuma ya Usukani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Punguzeni moto jikoni, mwiteni na yule aliyeko uani, msogeze redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa milango ya magari. Sikusema fundi wa magari. Wa milango ya magari. Injini ilikuwa haimhusu ndewe wala sikio. Ukimpelekea gari linalofuka moshi kama tanuri la matofali, anakuuliza, "Mlango unafunga?" Ukisema unafunga, anakwambia nenda salama.

Mtaani tulimwita Subiri, maana hilo ndilo neno lililomtoka kabla hata ya salamu. "Subiri kidogo." Ukimwita kula, subiri kidogo. Ukimwambia nyumba inaungua, subiri kidogo amalizie bawaba hii. Siku ya ndoa yake alipoulizwa kama amekubali, akajibu hivyo hivyo, na mkewe akamkanyaga mguu mbele ya wageni wote mpaka kiatu kikapasuka.

Haya, hiyo ya kiatu nimeitia chumvi. Mnanijua. Tangu nistaafu kazi ya stoo wakanipa kipindi hiki ili nisiwachoshe watu nyumbani, sijasimulia jambo likabaki na ukubwa wake. Lakini leo binti yake mkubwa amenishika mkono pale mlangoni mwa studio. Akaniambia, "Baba mkubwa, mwanzoni tia chumvi utakavyo, baba alikuwa anacheka. Ukifika kwenye kizuizi cha barabarani, usitie hata punje."

Nimemwahidi. Basi niachieni huku mwanzoni nijinafasi.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati. Ndani yake milango ya magari imetundikwa kwa waya, mistari kwa mistari, mwekundu, wa buluu, wa rangi isiyojulikana tena. Upepo ukivuma, inagongana. Ukiwa mgeni utadhani umeingia mahali ambapo watu wote wanabisha hodi kwa pamoja. Subiri alikuwa haanzi kazi kwa bisibisi. Anaanza kwa kugonga. Anagonga mlango kwa kifundo cha kidole, analaza sikio kwenye bati, anafumba macho. Halafu anasema, "Huyu kitasa hana neno. Huyu anaumwa bawaba." Milango yote aliiita huyu. Kuna bosi mmoja alifungia ufunguo ndani ya gari lake la kifahari. Walikuja mafundi na mitambo yao, wapi. Akaitwa Subiri. Alikuwa na mafua siku ile. Akainama kwenye tundu la ufunguo, akakohoa, mlango ukafunguka. Bosi akamwuliza, "Umefanyaje?" Akajibu, "Ameshtuka."

Sasa, fundi huyu aliyefungua milango ya mji mzima alikuwa na kigari chake cha mizigo. Cheupe. Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu mambo yote yako hapa. Mlango wa dereva wa kigari kile, ukiwa nje, ulifunguka vizuri sana. Ukiwa ndani, haukufunguka. Mkono wa ndani wa kufungulia ulikatika zamani. Kioo kiligoma kushuka. Kiliacha upenyo mwembamba tu wa kupitisha sauti. Upande wa abiria kulikuwa na masanduku ya zana, yamepangwa mpaka darini. Njia ya kutoka ilikuwa moja. Fundi alifunga waya kwenye komeo, akaupitisha chini, ukaishia chini ya kiti. Ili atoke, lazima ainame, azame kabisa, apapase chini ya kiti, avute waya.

Narudia. Kutoka nje, mlango ulikuwa mzima. Kutoka ndani, ulifunguka kwa waya tu, na waya ulikuwa chini ya kiti.

Mkewe alisema mpaka akachoka. "Wewe mwanamume, magari ya watu yanafunguka kwa kidole, la kwako mpaka ulipigie magoti!" Naye jibu lake mnalijua. "Subiri kidogo, mama. Wateja kwanza." Watoto wa mtaani ikawa mchezo wao. Kigari kikisimama, kichwa cha fundi kinapotea nyuma ya usukani, wanapiga kelele, "Fundi kazama!" Mlango unafunguka pwaa, naye anachomoza na kofia imekaa upande, "Nimeibuka!" Kila siku. Hawakuchoka, na yeye hakuchoka. Mtaa mzima tulijua kwamba Subiri akizama, maana yake anatoka.

Wasikilizaji wapendwa, chumvi inaishia hapo.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Alikuwa anapeleka milango kwa mteja. Nyuma, katikati ya milango, alikaa mdogo wake, ameishikilia isigongane. Haya ninayosema ni ya huyo mdogo wake. Taa ya breki ilikuwa haiwaki. Kwenye kizuizi, askari wa barabarani akawasimamisha. Kijana, mwenye sare mpya. Asubuhi ile askari wote walikuwa wameambiwa kuna kigari cheupe kimetumika kwenye wizi, na waliomo wana silaha. Vigari vyeupe viko vingi. Kilichosimama mbele yake kilikuwa cha Subiri.

Askari akaona mtu nyuma, kajificha kati ya mabati. Akarudi hatua, akatoa bastola. Akasema, "Dereva, toka nje! Mikono juu!"

Mdogo wake anasema, "Kaka alinyanyua mikono. Aliinyanyua, nimeiona. Askari akarudia, toka nje, toka! Kaka akasema, nakuja afande, subiri kidogo."

Halafu akazama.

Bastola ikalia.

Alikufa pale pale, mkono wake uko chini ya kiti, kidole kimeshika waya. Mlango ulikuwa haujafunguka. Aliyekuja kuufungua ni yule yule askari, kutoka nje, na ulifunguka bila shida. Mdogo wake anasema kijana yule alitazama chini ya kiti, akatazama tena, akauliza, "Iko wapi?" Akajibiwa, "Iko wapi nini?" Kijana akakaa chini barabarani.

Taarifa ilipotoka, ilisema marehemu alikaidi amri, akainama kuchukua kitu. Matumizi ya nguvu yalikuwa halali.

Sasa tubishane, kwa sababu mji mzima ulibishana. Jirani yangu ni sajini mstaafu. Tunacheza drafti kila jioni, na ananiibia, asikanushe. Nikamwambia, "Yale ni mauaji."

Akasema, "Wewe ulikaa stoo unahesabu misumari. Hujawahi kusimama barabarani mbele ya kioo usichojua nyuma yake kuna nini."

"Alimwamuru atoke. Angetokaje?"

"Angesema mlango mbovu."

"Alisema subiri kidogo."

"Na jambazi anasemaje?" Akasukuma kete pembeni. "Mwenzangu mmoja aliambiwa hivyo hivyo, mzee, subiri nitoe leseni. Nimembeba mimi. Damu yake iliingia kwenye saa yangu, ikasimama. Mkono ukipotea machoni pako, huna muda wa kuuliza."

"Kwa hiyo kila mwenye mlango mbovu afe?"

Sajini akasema, "Cheza." Nikacheza vibaya.

Mjane hakutaka mabishano hayo. Alisema jambo moja kuanzia siku ya mazishi, na hajalibadilisha. "Shemeji, sitaki kijana wa mtu afungwe. Akifungwa, huyu atarudi? Nataka wafute neno moja. Wanasema alikaidi. Mume wangu hakukaidi. Alikuwa anatoka. Waseme alikuwa anatoka, basi, mama mkwe wangu alale." Maana mama yake fundi bado yuko hai, na kila anayeingia kutoa pole anamwuliza, "Mwanangu alikaidi nini?"

Familia ikaomba kigari kikaguliwe. Mkaguzi akaja kwenye uwanja wa polisi kilipokuwa kimeegeshwa. Binti yake mkubwa alikuwepo. Mkaguzi akashika mkono wa nje, akafungua. Akafunga. Akafungua tena. Laini, kama mlango wa jokofu jipya. Nani hajui kazi ya Subiri? Akasema, "Mlango ni mzima."

Binti akamwambia, "Mzee wangu, ingia ndani. Jifungie. Halafu utoke."

Mkaguzi akatazama kiti. Kiti kilikuwa bado na damu iliyokauka. Akatazama suruali yake. Akasema, "Sio lazima, binti yangu. Nimeshaona." Akaenda zake. Mimi simtukani. Hata wewe, msikilizaji, sijui kama ungekaa.

Jalada likafungwa. Mlango ni mzima, na aliyekuwa ndani alikaidi.

Kigari kikarudishwa nyumbani. Jioni moja jua likiwa bado kali, tulikwenda kuwajulia hali, mimi na sajini. Mimi ndiye niliyemburuta. Mjane akatukaribisha vizuri, chai ikaja. Sajini akatoa pole yake ya kiaskari, fupi, macho yako ardhini. Mjane akamwambia, "Shemeji, nasikia wewe unasema yule kijana alifanya sawa."

Nilitaka ardhi inimeze. Sajini akasema, "Nasema alifanya alivyofundishwa, shemeji."

"Sawa," mjane akasema. "Basi mfundishe na huyu rafiki yako kutoka." Akaniangalia mimi.

Akatandika shuka safi juu ya kiti cha kigari. Nikaingia. Nilipofunga mlango, nikasikia harufu ya grisi yake, nikasikia na joto. Binti alikuwa amesimama kibarazani na bibi yake. Nikasukuma mlango kwa bega. Hauendi. Nikajaribu kupitisha vidole juu ya kioo. Vikakwama. Masanduku yale upande wa pili hayatingishiki. Mjane akasema, "Shemeji sajini, mwamuru."

"Shemeji, mambo haya..."

"Mwamuru. Kama kazini."

Sajini akasimama mbele ya kigari. Akajinyoosha, na ghafla hakuwa tena yule mzee wangu wa drafti. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Dereva! Toka nje! Mikono juu!"

Nikanyanyua mikono. Nikamtazama. Yeye ananitazama. "Toka!"

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa najua. Nilijua yote niliyowasimulia. Nilijua mtu amekufa kwenye kiti kile kwa kuinama. Nilijiambia, usiiname, mzee, ni mchezo tu, kaa hivyo hivyo. Lakini mtu akikupigia kelele utoke, mwili unatafuta pa kutokea. Mkono wangu wa kulia ulishuka wenyewe. Kichwa kikafuata.

Na kabla sijazama, nikamwona sajini. Mkono wake nao ulikuwa umekwenda. Umekwenda kiunoni, upande wa kulia, mahali ambapo hapana kitu tangu astaafu. Vidole vimekunjwa kushika hewa. Hajauamuru. Ulikwenda.

Tukabaki hivyo. Mimi nimeinama nusu, yeye ameshika hewa.

Bibi kibarazani akauliza, "Ametoka?"

Sajini akautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Akautia mfukoni. Akaja, akanifungulia mlango kutoka nje, ukafunguka laini. Hakuniangalia usoni. Chai ilipoa, hakuna aliyeigusa.

Kesho yake sajini alivaa koti lake zuri, tukaenda wote kituoni. Alitaka kusema, yeye, askari wa miaka na miaka, kwamba mtu yule alikuwa anatoka. Dirishani wakatuambia jalada limefungwa, na mwenye kuweza kulifungua yuko kikaoni. "Subirini kidogo, wazee." Tukakaa kwenye benchi mpaka wakafunga ofisi. Tukarudi. Tumerudi tena na tena. Jibu ni hilo hilo. Sajini sasa akisikia neno hilo anainuka, anatoka nje, anasimama peke yake.

Drafti tunacheza bado. Haniibii tena. Ningependa aniibie.

Kama ungeniuliza siku zile iwapo kijana yule alikuwa na haki ya kufyatua, ningekupa jibu refu. Lilikuwa jibu zuri, lina mifano. Tangu nikae kwenye kile kiti silioni lilipo. Naona mikono miwili tu, mmoja unashuka, mmoja unakwenda kiunoni, na kati yake mlango ambao hakuna mwenye sare aliyekubali kukaa nyuma yake.

Kwa mjane wake, kwa binti zake, kwa mdogo wake ambaye hapandi tena gari na anatembea kwa miguu hata kwenye mvua, kwa mama yake ambaye najua ananisikiliza sasa hivi, redio iko juu ya kabati, mkono uko shavuni: poleni. Sina kingine cha kuwapa. Na kwa yule kijana, ambaye wanasema amehamishwa na hali chakula vizuri, sijui nikwambie nini, mwanangu. Nimetafuta neno, sikulipata.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo ukipanda gari, lako au la mwenzako, funga mlango halafu tulia kidogo. Tazama mkono wako unapita wapi ili utoke. Halafu jiulize, aliyesimama nje anajua?

Mama, uliniuliza mwanao alikaidi nini. Waliopaswa kukujibu hawajajibu. Basi nakujibu mimi, mzee wa chumvi, na hapa hakuna hata punje.

Hakukaidi. Alikuwa anatoka.